Kabla ya kupima mifupa, Kajiado haina budi kuyapima maji

OSTEOPOROSISI, maradhi yanayoila mifupa polepole hadi ikabaki na vijitundu kama sifongo kuukuu, hayapigi hodi. Hayaumi, hayawashi wala hayaleti homa. Aghalabu mwathiriwa hutambua kwamba anayo siku anapoteleza bafuni au anapoanguka kutoka kimo cha kusimama, na mfupa ambao ungestahimili anguko hilo ukavunjika.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa mifupa kote duniani wamekuwa wakihimiza upimaji wa mapema wa msongamano wa madini katika mifupa. Hoja yao ina mashiko. Nyonga ikishavunjika, gharama ya upasuaji, miezi ya kulala kitandani na mzigo wa kumuuguza mgonjwa huiangukia familia nzima. Tafiti za mataifa mbalimbali zimeonyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga uzeeni hufariki kabla ya mwaka kuisha.

Hata hivyo, kwa wakazi wa Kitengela, mji wa Kajiado na viunga vyake, wito huo unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Katika kaunti hii yapo maji yanayoweza kuihadaa mashine yenyewe. Mtu anaweza kupimwa, akaambiwa mifupa yake ni mizito kuliko ya wenzake, akarudi nyumbani akishangilia, kumbe mifupa hiyo ni rahisi kuvunjika.

Mji wa vijana watakaozeeka

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840. Mji wa Kitengela pekee ulikuwa na wakazi 154,436, ilhali miaka kumi awali, katika sensa ya 2009, walikuwa 58,167. Wengi wa waliohamia huko ni watu wa umri wa kufanya kazi, waliovutiwa na viwanda vya Athi River au waliotafuta makao ya bei nafuu wakiendelea na ajira zao jijini Nairobi.

Baadhi ya viongozi huenda wakauliza: iwapo mji umejaa vijana, mbona kuhangaishwa na maradhi ya wazee? Jibu ni kwamba akiba ya mifupa huwekwa ujanani. Mwili hufikia kilele cha uzito wa mifupa karibu na umri wa miaka 30, na kuanzia hapo kazi inayosalia ni kuilinda akiba hiyo isiteketee haraka. Kwa mwanamke, hasara huongezeka kwa kasi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma kwa kuwa homoni ya estrojeni, ambayo ndiyo mlinzi mkuu wa mifupa yake, hupungua.

Isitoshe, wazee tayari wapo. Sensa hiyo ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na kuendelea. Wakfu wa Kimataifa wa Osteoporosisi unakadiria kwamba, duniani kote, mwanamke mmoja kati ya watatu walio na zaidi ya miaka 50 atavunjika mfupa kutokana na maradhi haya, na mwanamume mmoja kati ya watano.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba janga hili ni la Wazungu. Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na tafiti za zamani, ukiwemo ule wa Louis Solomon uliochapishwa mwaka wa 1968, ambao ulionyesha kwamba Waafrika wa Johannesburg walivunjika nyonga mara chache mno. Tafiti za miaka ya karibuni nchini Afrika Kusini na Zimbabwe zimeitikisa imani hiyo. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, wanahamia mijini, na mifupa yao inavunjika kuliko ilivyodhaniwa.

Mashine inahesabu nini?

Kipimo kinachotambuliwa kimataifa hufanywa kwa mashine ya DXA, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya themanini. Mgonjwa hulala chali kwenye meza, mkono wa mashine ukapita juu yake na kumulika uti wa mgongo na nyonga kwa miale miwili ya eksirei yenye nguvu tofauti. Shughuli hiyo huchukua dakika chache, haina sindano, na mnururisho wake ni mdogo kuliko wa picha ya kawaida ya kifua.

Kompyuta kisha hukadiria kiasi cha madini kilichomo mfupani na kukilinganisha na cha kijana mwenye afya. Jawabu hutolewa kwa alama inayoitwa T. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka mizani yake mwaka wa 1994: alama ya -1 kwenda juu ni ya kawaida, kati ya -1 na -2.5 mifupa imeanza kupungua uzito, -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi.

Yapo mambo mawili ambayo mpimwaji hupaswa kuyaelewa kuhusu alama hiyo. Kwanza, kipimo cha nyonga kinachopendekezwa kimataifa hutumia takwimu za wanawake weupe wa Marekani wa umri wa miaka 20 hadi 29. Nyanya wa Isinya au Bissil, basi, hulinganishwa na msichana wa nchi ya mbali ambaye hawakula chakula kimoja wala kunywa maji mamoja. Mizani hiyo ina manufaa kwa sababu inawezesha madaktari wa nchi zote kuzungumza lugha moja, lakini tafsiri yake yataka busara.

Pili, mashine huhesabu madini. Haioni jinsi madini hayo yalivyopangwa, wala haijui kama mfupa uliojaa una unyumbufu wa kustahimili kishindo. Mahali pengi duniani tofauti hiyo ni ndogo, kwani mfupa wenye madini mengi ndio wenye nguvu. Katika Bonde la Ufa na maeneo yanayopakana nalo, tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa.

Floridi, rafiki mnafiki

Ardhi ya Kajiado kwa sehemu kubwa imetokana na volkano, na miamba ya aina hiyo huachilia floridi ndani ya maji ya chini ya ardhi. Wakazi wengi wa Kitengela hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo, ama moja kwa moja au kupitia kwa wachuuzi wa malori na mitungi. Kiasi cha floridi hutofautiana mno: visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutoa maji yenye viwango visivyokaribiana hata kidogo.

WHO inapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na kiwango hichohicho ndicho kinachotumika kwa maji ya kunywa nchini Kenya. Floridi ikizidi, dalili ya kwanza huwa meno ya watoto yenye madoa ya kahawia, jambo ambalo wakazi wa maeneo haya wamelizoea hata wakaacha kulishangaa. Meno hayo ni onyo. Yanaeleza kwamba mtu huyo alikunywa floridi nyingi utotoni, wakati meno yake yalipokuwa yakiumbika, na huenda mifupa yake imekuwa ikiipokea tangu hapo.

WHO inaeleza kwamba athari za mifupa zinaweza kuonekana maji yanapokuwa na miligramu 3 hadi 6 kwa lita, na kwamba ulemavu huweza kutokea yakizidi 10. Mgongo hukakamaa, viungo huuma, kano hugeuka kuwa ngumu kama mfupa. Waathiriwa wengi huambiwa wana baridi yabisi, wakapewa dawa za kutuliza maumivu na kurejeshwa nyumbani kuendelea kunywa maji yaleyale.

Kwenye mashine ya DXA, mgongo wa mtu wa aina hii unaweza kung'aa. Floridi huongeza madini katika uti wa mgongo, na kano zilizokakamaa huongezea hesabu hiyo. Hali kadhalika, pale ambapo floridi nyingi inakutana na lishe duni ya kalisiamu, mifupa inaweza kulainika na kupoteza madini. Kwa ufupi, kipimo kinaweza kupotoka upande wowote.

Huu si ubashiri. Kuna wakati madaktari wenyewe walitumia floridi kama dawa ya osteoporosisi, wakiamini kwamba mfupa mzito ni mfupa imara. Mwaka wa 1990, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na Lawrence Riggs wa Mayo Clinic, Marekani. Wanawake 202 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa miaka minne, nusu yao wakipewa floridi. Msongamano wa madini katika uti wa mgongo wa waliopewa floridi uliongezeka kwa asilimia 35. Hata hivyo, kuvunjika kwa pingili za mgongo hakukupungua ipasavyo, na mifupa mingine ilivunjika mara nyingi zaidi kuliko ya wenzao ambao hawakupewa dawa hiyo. Katika mfupa wa mkono, madini yalipungua.

Kilichowapata wanawake wale kwa vidonge katika muda wa miaka minne, mkazi wa Kajiado anaweza kukipata kwa kikombe katika muda wa miaka arubaini.

Tena ipo njia nyingine inayosahaulika. Magadi yanayotiwa kwenye maharagwe, githeri au mboga ili ziive haraka huwa na floridi, wakati mwingine kwa wingi. Ziwa Magadi lenyewe limo ndani ya kaunti hii. Familia inaweza kuhamia kwenye maji salama na bado ikaendelea kuipokea floridi kupitia sufuria.

Vipimo vya barabarani

Mashine za DXA ni chache mno nchini na nyingi ziko katika hospitali kubwa, hasa Nairobi. Mkazi wa Kitengela husafiri takriban kilomita 30 kuifikia. Wa mji wa Kajiado husafiri kama 80, na wa Loitokitok mbali zaidi. Pengo la aina hii huwa shamba lenye rutuba kwa walaghai.

Kuna vifaa vinavyouzwa mtandaoni ambavyo mtu hushika kijiti kiganjani, na baada ya dakika moja kompyuta ikachapisha orodha ya maradhi, pamoja na 'udhaifu wa mifupa'. Vifaa hivyo havina msingi wa kisayansi, na mara nyingi anayepima ndiye anayeuza vidonge vya kutibu kile alichokipima. Mtu aliyeshika kijiti hajapimwa mifupa.

Ultrasaundi ya kisigino ni jambo tofauti. Hii ni teknolojia halali, nyepesi kubebwa na isiyo na mnururisho, na inaweza kuashiria aliye katika hatari. Lakini alama za WHO hazikuwekwa kwa ajili yake, hivyo hairuhusu mtu kutangaziwa kwamba ana osteoporosisi au kuanzishiwa dawa kwa msingi huo pekee. Matokeo mabaya ya kisigino ni sababu ya kumwona daktari.

Mwananchi anaweza kujilinda kwa maswali machache. Je, mashine inatumia eksirei? Je, inapima nyonga na mgongo? Je, kituo kina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, ambayo ndiyo husimamia vifaa vya mnururisho? Nani atakayesoma matokeo? Anayeyakwepa maswali hayo hafai kupewa pesa.

Kinachoweza kufanywa bila mashine

Je, Kaunti ya Kajiado inunue mashine yake? Wanaounga mkono watasema, na kwa haki, kwamba mkazi wa hapa hastahili kusafiri hadi Nairobi kwa kipimo cha dakika kumi. Wanaopinga watakumbusha kwamba mashine hudai mtaalamu aliyefunzwa, ukaguzi wa usahihi wake kila siku na fedha za ukarabati. Wakenya wanakumbuka mpango wa vifaa vya kukodi ulioanzishwa mwaka wa 2015, ambapo katika baadhi ya kaunti mitambo ilifika kabla ya wahudumu, au hata kabla ya umeme wa kuiendesha.

Njia ya busara ni kuanza na kile ambacho hakihitaji kununuliwa. Mfupa uliovunjika kwa anguko dogo baada ya umri wa miaka 50 ni kipimo kilichojifanya chenyewe. Mama wa miaka 58 anayefika katika hospitali ya kaunti ndogo ya Kitengela au ya rufaa ya Kajiado akiwa amevunjika kifundo cha mkono hatakiwi kufungwa plasta na kuruhusiwa kwenda tu. Huyo ndiye aliye katika hatari ya kuvunjika nyonga miaka kumi baadaye. Daftari moja katika chumba cha plasta, na muuguzi mmoja wa kufuatilia wagonjwa hao, lingewatambua watu wengi kuliko kambi za matibabu za siku moja.

Kwa wengine, maswali yanatosha kuwachuja. Je, mzazi wake alivunjika nyonga? Anavuta sigara au kunywa pombe kwa wingi? Amepungua kimo au kuanza kupinda mgongo? Ametumia dawa za steroidi kama vile prednisoloni kwa miezi mitatu au zaidi? Hedhi ilikoma kabla ya miaka 45? Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilizindua mwaka wa 2008 mfumo unaoitwa FRAX unaotumia maswali ya aina hii kukadiria hatari, hata pale ambapo hakuna mashine. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, hasa tenofovir, huchangia upungufu kiasi wa madini ya mifupa. Anayezitumia hapaswi kuziacha, ila umri wake ukisonga amkumbushe daktari kuhusu mifupa.

Kajiado inafaa kuongeza maswali mawili ambayo orodha za Ulaya hazina: umekunywa maji ya kisima kipi, na kwa miaka mingapi? Mwenye meno ya kahawia na mgongo uliokakamaa akipimwa, daktari asitegemee uti wa mgongo pekee. Atazame pia nyonga, apime mfupa wa mkono, aangalie picha za eksirei na hali ya figo, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa floridi mwilini. Wahudumu wa afya ya jamii waliosambazwa nchini tangu 2023 tayari huingia katika kila boma. Maswali hayo hayatawaongezea mzigo mkubwa.

Maji kwanza

Matibabu ya osteoporosisi yapo na mengine si ghali mno. Vidonge vya alendronate, ambavyo humezwa mara moja kwa wiki mtu akiwa hajala na kisha akakaa wima kwa nusu saa, hupunguza hatari ya kuvunjika. Maziwa, mboga za kijani, omena, jua, na mazoezi ya kutembea na kubeba uzito ni kinga za kila siku. Jamii ya Wamaasai, ambayo kwa jadi imelelewa kwa maziwa na jua, ina urithi ambao maisha ya ploti na ofisi za Kitengela yanaweza kuufuta katika kizazi kimoja.

Lakini hakuna kidonge kitakachomfaa kikamilifu anayeendelea kunywa maji yenye floridi kupita kiasi. Kuyachemsha hakusaidii, huyaacha na floridi nyingi zaidi kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Yanayosaidia ni kuchanganya na maji ya mvua, kufunga kisima kibaya, au kuchuja. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, Tanzania, kimetumia mbinu iyo hiyo. Mfupa wa ng'ombe huinasa floridi kabla haijaufikia wa binadamu. Katika kaunti ya wafugaji na vichinjio, malighafi hiyo haiwezi kuwa haba.

Sheria ya mwaka wa 2010, yaani Katiba, ilitambua maji safi na salama kuwa haki ya kila mtu, na tangu 2013 huduma za maji na afya zimekuwa mikononi mwa kaunti. Hivyo basi serikali ya Kajiado haina wa kumsukumia lawama. Kila kisima kinachouza maji kwa umma kinapaswa kupimwa floridi, na matokeo kubandikwa pale pale kwenye bomba, kwa Kiswahili na Kimaasai, ili mnunuzi wa mtungi ajue anachokitia kinywani. Kipimo cha maji ni cha bei ndogo kuliko cha mfupa, na kimoja huweza kukinga mtaa mzima.

Mashine ya kupima mifupa itafika Kajiado, leo au kesho, na itakuwa jambo la kheri. Itakapofika, imkute daktari anayejua kwamba namba kubwa si lazima iwe habari njema, na imkute mgonjwa aliyekwisha kuulizwa anakochota maji.